Kuni za Krismasi zikauke kabla ya masika: mwongozo kamili wa kupasua na kupanga kuni na familia

Kila mwaka ikifika Aprili naulizwa swali lile lile. Anauliza ndugu wa Kibosho, anauliza wa Marangu, anauliza hata rafiki yangu wa Tengeru kule Arusha: "Kuni tulipasua Krismasi, watu kumi na wawili, siku nzima. Mbona zinafuka tu?" Nikimuuliza mlizipanga vipi, jibu halibadiliki. Zilirundikwa nyuma ya jiko, zikafunikwa turubai.

Basi ziliharibikia hapo. Kuni hazikauki kwa kukaa, zinakauka kwa kupitiwa na upepo. Mti mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na rundo lililofunikwa turubai linayafungia humo humo. Mimi mwenyewe nimelifanya kosa hilo miaka miwili mfululizo, na mwaka wa pili mama mkwe alikuja kututembelea, akakohoa jikoni asubuhi yote bila kusema neno. Afadhali angesema.

Kalenda ya huku kwetu Kilimanjaro inatusaidia sana. Mwisho wa Desemba nyumba zinajaa waliorudi kutoka Dar, Dodoma na Mwanza, mikono ya bure kabisa. Baada yao zinakuja Januari na Februari za jua kali, halafu Machi masika inaanza kupiga hodi. Una kama wiki kumi. Zinatosha, mradi kazi ifanywe kwa mpangilio.

## Mahitaji

- Shoka moja zito la kupasulia na jingine jepesi la kuchanjia vijiti
- Kabari mbili za chuma na nyundo kubwa
- Msumeno wa mkono, au fundi wa msumeno wa mnyororo wa kukodi kwa saa chache
- Tupa na jiwe la kunolea
- Gogo pana la kupasulia juu yake, urefu wa chini kidogo ya goti
- Tairi kuukuu la gari dogo
- Mabuti magumu, miwani ya kukinga macho, glovu za wapangaji
- Matofali au mawe ya msingi, na fito nne nene zilizonyooka
- Mabati machakavu mawili au matatu, na mawe ya kuyakandamiza
- Kipande cha mkaa cha kuandikia, na mzani wowote wa kupimia fungu la kuni
- Kitambaa safi kwa ajili ya jeraha, kikae mahali kila mtu anapajua

Kuna na hitaji lisiloshikika: kibali. Hata mti ulioupanda mwenyewe kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, pita kwanza ofisi ya kijiji au mtaa uulizie utaratibu kabla ya kuuangusha. Msitu wa juu uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, huko usipeleke shoka.

## Hatua ya 1: Jua unahitaji kiasi gani

Wengi hupasua mpaka wachoke, kisha huita hiyo "ya kutosha". Pima badala yake. Funga mzigo wa kuni kavu, upime, pikia wiki nzima, uone umetumia kilo ngapi.

Tuseme nyumba yenu inatumia kilo 6 kwa siku. Kwa wiki ni kilo 42, kwa nusu mwaka ni kama kilo 1,092. Safu moja ya kuni kavu za grevilea yenye urefu wa mita 3, kimo cha mita 1.2 na upana wa sentimita 45 ina uzito wa kama nusu tani. Kwa hiyo nyumba hiyo inahitaji safu mbili, na ya tatu kama kuna harusi au mnapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, maana ndizi za mbege huchemka saa nyingi na hazina huruma na kuni.

Siku hizi chai ya asubuhi wengi tunaipikia gesi, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sawa. Ila maharage, kiburu cha ndizi na sufuria la watu thelathini siku ya Krismasi bado vinategemea mafiga, na kama utachoma kuni, choma kavu, uchome chache.

## Hatua ya 2: Tenga miti kwa tabia zake

Grevilea hupasuka kwa heshima, hukauka mapema, huwaka haraka. Ni ya uji na chai. Kwa mara ya kwanza, anza nayo.

Mkaratusi upasue ukiwa mbichi. Ukiuacha ukauke mzima mzima, nyuzi zake hujikaza na shoka hudunda kama umepiga mpira. Ukishakauka vizuri una makaa ya kuivisha makande.

Mibuni mizee iliyong'olewa ni hazina watu wanayoitupa. Mti wake ni mgumu na mzito, moto wake unakaa. Usihangaike kuipasua, ikate kwa msumeno tu.

Mparachichi ukigusa udongo huoza upesi. Upasue na uupange siku hiyo hiyo.

Sasa visivyoingia motoni. Mringaringa ni mbao, kuuchoma ni kuchoma pesa. Mnyaa una utomvu unaoweza kupofusha, usiupige shoka kabisa. Mbao zenye rangi na nguzo zilizolowekwa dawa hutoa moshi wenye sumu, hata zikiwa kavu kiasi gani. Na masale ya mpakani, mimea ya kuonyesha mpaka ambayo Wachaga huitumia pia kuombea radhi, hata yakikauka yaache yalivyo. Kijana wa mjini asiyejua anaweza kuyang'oa akidhani ni takataka, ukaanza ugomvi na jirani ambao utahitaji sale jingine kuumaliza.

## Hatua ya 3: Kata vipande vya urefu mmoja

Kata fimbo ya sentimita 45, hiyo ndiyo kipimo chenu. Kwa jiko banifu lenye mdomo mdogo, sentimita 30. Kila gogo lipimwe kwa fimbo hiyo hiyo kabla ya msumeno kugusa.

Sababu ni mbili. Maji hutoka upesi zaidi kupitia pande zilizokatwa kuliko kupitia ubavuni, kwa hiyo kipande kifupi hukauka mapema. Pili, kuni za urefu tofauti hazipangiki. Safu inatoka meno na wiki ya tatu inaanguka.

Angalizo: usikate gogo likiwa limelala moja kwa moja ardhini. Msumeno ukigusa mchanga umekwisha makali. Liinue juu ya magogo mawili madogo.

Utajua umefaulu ukisimamisha vipande kumi pamoja na vichwa vyake vikalingana, na kila kimoja kikasimama bila kuyumba.

## Hatua ya 4: Kagua shoka, gawa kazi

Shika shoka kichwa kikiwa juu, gonga kitako cha mpini chini mara tatu. Kichwa kikicheza hata kidogo, shoka hilo halifanyi kazi leo. Watu huliloweka kwenye ndoo ya maji ili mpini uvimbe. Linakaza kweli, kwa siku moja, kisha mpini unakauka na kunywea kuliko mwanzo. Dawa ni kugongea kabari ndogo mpya kwenye tundu la kichwa, au kubadili mpini. Mwaka mmoja kichwa cha shoka letu kiliruka kikaenda kulala kwenye shina la mgomba, mita sita kutoka alipokuwa amesimama shemeji. Mgomba ulikufa. Nafurahi ulikuwa mgomba.

Mpini mzuri hauna fundo, na nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka kichwani hadi kitakoni. Makali yanolewe, lakini shoka la kupasulia halihitaji kuwa kama wembe. Kinachopasua ni uzito na unene wake.

Baada ya hapo ndipo uwapange watu. Kazi hii huharibika zaidi kwa wingi wa watu kuliko kwa uchache wao.

Mpasuaji ni mmoja kwa wakati mmoja. Wa pili anapumzika, wanapokezana kila baada ya dakika ishirini hivi. Na msidhani ni kazi ya wanaume. Kwetu mpasuaji bora ni shangazi, ana miaka sitini na kitu. Vijana wa mjini hupiga kwa hasira, yeye hupiga kwa kuangalia.

Mlishaji analeta magogo na kuyaweka kando. Hayaweki juu ya gogo la kupasulia, hiyo ni kazi ya mpasuaji mwenyewe, mkono wa mtu mwingine usifike pale.

Watoto wanabeba kuni zilizopasuliwa na kuokota vibanzi vya kuwashia. Chora mstari wa majivu kuzunguka uwanja wa shoka, mita 4 kila upande. Hawauvuki mpaka mpasuaji alaze shoka na kusema kwa sauti, "Shoka chini!" Mkilipitisha hilo kama sheria, watalifurahia kama mchezo.

Mpangaji mkuu awe bibi au mama, anayejua jiko. Akae kwenye kiti karibu na safu, aagize. Sisi tulipomwachia bibi kazi hiyo ndipo safu zetu zilipoacha kuanguka.

Na mjomba aliyekwisha kuanza mbege? Mpe kiti karibu na bibi. Shoka asiguse, hata akisema yeye ndiye aliyewafundisha wote.

## Hatua ya 5: Kupasua

Weka tairi juu ya gogo la kupasulia, simamisha kipande ndani yake. Tairi linazishika kuni zisiruke wala kuanguka, kwa hiyo huinami kila baada ya pigo. Unaweza kuweka hata vipande vitatu vyembamba pamoja. Toboa tairi matundu chini, la sivyo mvua ya kwanza itawapa mbu makazi.

1. Soma gogo. Tazama sehemu iliyokatwa. Kama kuna ufa mdogo uliojichora wenyewe, pigo lako lifuate huo. Fundo la tawi likiwa upande mmoja, liepuke, pasua kando yake.

2. Pima umbali. Nyoosha mikono, makali yaguse ukingo wa mbali wa gogo, kisha rudi nyuma nusu hatua. Miguu iachane kwa upana wa mabega, wala mguu mmoja usitangulie. Ukikosa gogo, shoka liishie kwenye mti wa chini, lisiishie kwenye muundi wako.

3. Inua, dondosha. Mkono mmoja karibu na kichwa cha shoka, mwingine kitakoni. Unapoteremsha, mkono wa juu unateleza kumfuata mwenzake. Kunja magoti kidogo shoka linaposhuka. Macho yabaki pale unapotaka kupiga.

4. Anza pembeni. Gogo nene usilivamie katikati. Menya vipande vya ukingoni ukizunguka, kama unavyokata mkate wa mviringo, mpaka kibaki kiini. Hapa ndipo wageni wa kazi humaliza nguvu zao saa ya kwanza.

5. Unene. Kuni za kila siku ziwe nene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, sentimita 5 hadi 8. Chache ziache nene zaidi, za sufuria kubwa. Ukiacha mibuni, usiache gogo la duara bila kupasua, hata jembamba, maana gome linazuia maji kutoka. Lipasue walau mara moja.

Shoka likinasa, usilitikise huku na huku kwa nguvu, utavunja mpini. Gonga kitako cha mpini kwa kiganja, juu kwenda chini, mara kadhaa. Likikataa, tumia kabari pembeni yake.

Onyo kubwa: usipige mgongo wa shoka kwa nyundo wala kwa shoka jingine. Chuma kwa chuma hurusha vipande vidogo vinavyoingia jichoni. Kabari nayo kichwa chake kikichanua kama uyoga, kipigwe tupa kabla ya kutumika tena, na anayeipiga avae miwani.

Mtu akijikata: kandamiza kwa kitambaa safi, inua kiungo, nenda hospitali, na ulizia sindano ya pepopunda. Msimwage unga wa kahawa wala mafuta ya taa kwenye jeraha.

Utajua umefaulu kwa sauti. Pigo zuri hutoa mlio mmoja mkavu na vipande viwili vinaachana. Ukisikia mlio mzito wa "dup", umepiga fundo au umekosa mstari wa nyuzi. Geuza gogo, usiongeze nguvu.

Gogo lililokataa mapigo kumi, lilaze ubavuni kando. Litakuwa kiti cha jikoni. Sioni aibu kushindwa na mti.

## Hatua ya 6: Msingi wa safu

Chagua mahali penye jua la mchana na upepo. Chini ya migomba hapafai, kuna kivuli na majani yanadondosha maji hata mvua ikishakatika. Ukutani napo hapafai. Acha nafasi ya mtu kupita na ufagio, kwa sababu kuni zilizoegemea ukuta huwapa mchwa daraja la kuingia nyumbani, na nyoka mahali pa kulala.

Panga matofali, juu yake laza fito mbili sambamba. Kuni za chini ziwe sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini. Mwaga majivu kuzunguka matofali na uyaongeze kila yanaposombwa na mvua. Hayazuii mchwa moja kwa moja, lakini ukiwa unayaangalia kila wiki utaona njia zao za udongo mapema, na hilo ndilo linalosaidia zaidi.

## Hatua ya 7: Kupanga

Hii ndiyo hatua iliyotuangusha wengi, kwa hiyo tulieni. Tena isianze jioni watu wakiwa wamechoka. Ianze pamoja na kupasua, kuni zikitoka kwenye shoka ziende moja kwa moja kwenye safu. Rundo la muda huwa la kudumu.

1. Jenga nguzo mbili za mwisho. Laza kuni tatu zikielekea upande mmoja, juu yake tatu zikikatisha, endelea hivyo hivyo. Chagua zilizonyooka na bapa. Nguzo hizi ndizo zinazoshikilia safu isimwagike.

2. Jaza katikati. Kuni zote zilale upande mmoja, vichwa vikitazama unakotoka upepo. Safu iwe na upana wa ukuni mmoja tu. Safu mbili zikibanana, za ndani hazikauki. Kati yao acha nafasi ya nusu mita.

3. Usizibane. Watoto hupenda kujaza kila tundu kwa kijiti, wanaona ni usafi. Waambie matundu ndiyo njia ya upepo. Ukisimama upande mmoja, uone mwanga wa upande wa pili hapa na pale.

4. Ishia kifuani. Mita 1.2 inatosha. Juu zaidi ya hapo mtoto akivuta ukuni wa chini zitamwangukia.

5. Tabaka la juu kabisa, magome yatazame juu. Maji yanateleza.

6. Andika mwezi na mwaka kwa mkaa kwenye ukuni wa pembeni. Zilizotangulia kupangwa ndizo zitangulie jikoni.

Utajua umefaulu ukiisukuma safu katikati kwa kiganja: inacheza kidogo kisha inarudi. Ukisikia kuni zinateleza, bomoa hadi pale palipolegea. Kuegesha mti pembeni kuuzuia ni kujidanganya wiki mbili.

## Hatua ya 8: Funika kichwa, acha mbavu

Laza mabati juu tu, yameinama kidogo kwa nyuma, yakitokeza kiganja kimoja kila upande. Kandamiza kwa mawe. Pembeni pabaki wazi hata mvua ikinyesha. Mvua ya upande hulowesha ngozi ya ukuni na jua la siku mbili linaikausha. Maji ya ndani ndiyo yanayotusumbua, na hayo hutoka kwa upepo tu.

Kama huna mabati, ni heri kuacha wazi Januari na Februari kuliko kutumia turubai lililofunika hadi chini.

## Hatua ya 9: Pima ukavu, usikisie

Siku ya kupanga, chukua kuni kumi za unene wa kawaida, zifunge, pima uzito, andika. Ziweke ndani ya safu pamoja na wenzake. Kila Jumamosi zipime. Fungu la kilo 20 linaweza kuishia kilo 12 au 13. Uzito ukigoma kushuka wiki mbili mfululizo za jua, ziko tayari.

Huna mzani? Tazama vichwa: ukuni mkavu una nyufa zinazotoka katikati kama miali ya jua, gome linabanduka kwa kucha. Gonga kuni mbili. Kavu zinalia kwa sauti kali, mbichi zinanung'unika.

Grevilea nyembamba iliyopasuliwa Krismasi mara nyingi inaingia jikoni katikati ya Machi. Mkaratusi mnene uupe muda mpaka Agosti au Septemba, na kama uko juu kule ambako Julai ni baridi na ukungu, usiuharakishe. Ukiuchoma mbichi, kila lita ya maji iliyomo lazima igeuke mvuke kwanza, na kuigeuza mvuke kunakula joto zaidi ya mara sita ya lile la kuichemsha kutoka ubaridi wa kawaida. Joto hilo lilikuwa la maharage yako.

## Hatua ya 10: Kuingiza jikoni

Kila Jumapili jioni hamisha kuni za wiki moja kwenye uchanja juu ya mafiga. Moshi na joto la jiko vinamalizia unyevu wa mwisho. Uchanja uwe juu kiasi kwamba mwali hauufikii hata moto ukiwa mkubwa, na usiujaze vibanzi wala majani makavu ya migomba.

Piga kila ukuni chini mara moja kabla ya kuuingiza, ung'utike. Nge hupenda nyufa, na bibi yetu hupenda kuchukua kuni gizani bila taa.